Huduma ya Arafa za Shule Baada ya Mihula Miwili

Kwa mihula miwili sasa nimekuwa msimamizi wa arafa za shule yetu, yaani mtu anayeandaa, kupanga na kutuma jumbe fupi zinazowafikia wazazi, walezi, walimu na wafanyakazi wengine, kwa kutumia huduma moja ya kulipia inayoendeshwa kwa njia ya intaneti. Sitaitaja kwa jina. Baadhi ya kasoro nitakazozieleza niliziona pia katika huduma nyingine mbili tulizozijaribu kabla ya kuichagua hii, na ninadhani msomaji anayetafuta huduma ya namna hii atafaidika zaidi akijua mambo ya kumuuliza muuzaji kuliko akijua jina la kampuni ya kuikimbilia au kuikwepa.

Jaribio la kwanza halikupangwa na mtu. Katika wiki ya tatu ya matumizi, bomba kuu la maji la shule lilipasuka usiku, na saa 11 na nusu alfajiri mkuu wa shule akanipigia simu kuniagiza niwaarifu watu wote kwamba siku hiyo hakutakuwa na masomo. Nilifungua kompyuta nyumbani, nikachagua makundi mawili, la familia na la wafanyakazi, nikaandika ujumbe, nikausoma kwa sauti mara moja, nikabonyeza kitufe cha kutuma. Simu yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa nimeiingiza makusudi katika makundi yote mawili, ililia kabla sijainuka kitini. Kwa upande wa kasi ya kutuma, basi, sina la kulalamikia. Hata hivyo, ilipofika saa 2 asubuhi, watoto 14 walikuwa wamesimama langoni na mikoba yao mgongoni, na walimu wa zamu, waliokuwa wameipata habari na kubaki majumbani, walilazimika kuja kuwaangalia. Siku iliyofuata niliitumia kufuatilia habari ya kila mmoja wa watoto hao, na karibu kila ninachokisema hapa juu ya ubora na udhaifu wa huduma hii kinatokana na ufuatiliaji ule.

Watano kati yao waliponzwa na kosa lililofanyika siku ya kwanza kabisa, tulipohamisha namba kutoka rejista ya shule. Huduma hii haiunganiki moja kwa moja na rejista yetu, kwa hiyo hutubidi tupakie faili ya lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta lenye safu na mistari. Na lahajedwali, kwa yeyote ambaye bado haijamuumiza, huichukulia namba ya simu kuwa ni hesabu. Ikiona sifuri mwanzoni huitupa, kwa kuwa katika hesabu sifuri ya mwanzoni haina thamani. Ikiona tarakimu nyingi mfululizo huweza kuzifupisha kwa mtindo wa kisayansi, na faili ikihifadhiwa katika hali hiyo, tarakimu za mwisho hupotea zisirudi tena. Huduma yenyewe hufanya sehemu yake vizuri kiasi: namba isiyo na msimbo wa nchi huongezewa, namba fupi mno au inayozidi tarakimu 15, ambazo ndizo kikomo cha namba za kimataifa, hukataliwa na kuandikwa kwa rangi nyekundu. Ninachoilaumu ni kwamba orodha hiyo nyekundu huonyeshwa mara moja tu, mwishoni mwa upakiaji. Karani wetu alilifunga dirisha akidhani kazi imekwisha, na namba zile tano hazikuonekana tena mahali popote, si kwenye ripoti, si kwenye ukurasa wa mwanafunzi, wala haikuwapo alama yoyote ya kutuambia kwamba mtoto fulani hana mtu wa kuarifiwa. Nimewaandikia wenye huduma mara mbili juu ya jambo hili. Kwa sasa tunajikinga kwa kuipanga safu ya namba kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote, na kwa kulinganisha idadi ya wanafunzi na idadi ya waliokubaliwa kila baada ya kupakia.

Watatu wengine walikuwa na namba sahihi kabisa, ila hazikuwa tena za wazazi wao. Kampuni za simu huzigawa upya namba zilizoachwa, na mtu mmoja nisiyemfahamu aliniambia, kwa upole kuliko nilivyostahili, kwamba tangu muhula ulipoanza alikuwa akipokea habari za ucheleweshaji wa basi la shule asilolijua. Kwa upande huu huduma ina kifaa kimoja ninachokithamini sana. Namba ikishindwa kufikiwa mara tatu mfululizo, jina la familia huhamia kwenye orodha ya kufuatiliwa, na karani hupata taarifa kila Ijumaa. Tumezifufua familia nyingi kwa njia hiyo. Lakini namba iliyokwisha kupata mwenyewe mwingine haishindwi. Ujumbe hufika salama, kwa mtu asiyehusika. Dawa yake ni kuuliza, na huduma inaruhusu kutuma ombi la uthibitisho ambalo mzazi hulijibu kwa tarakimu moja tu, kisha wasiojibu huorodheshwa peke yao. Tunafanya hivyo mwanzoni mwa kila muhula, na wasiojibu tunawapigia.

Kujibu huko kunahitaji uamuzi ambao wauzaji wengi huupitia harakaharaka, nao ni uamuzi wa jina la mtumaji. Katika nchi zinazoruhusu, ujumbe wa shule unaweza kuonekana kwenye simu ya mzazi kwa jina la maandishi lisilozidi herufi 11 badala ya namba, na sikatai kwamba kuona jina la shule likijitokeza kwenye kioo kunapendeza. Tulianza nalo. Tatizo ni kwamba jina la maandishi halijibiki: mzazi anayeandika kwamba mtoto wake ni mgonjwa na hatafika, ujumbe wake hauendi popote. Tena, mahali ambapo majina hayo hayasajiliwi, tapeli anaweza kuliiga, na simu ya mpokeaji huzikusanya arafa zote zenye jina moja katika mfululizo mmoja, ya kweli na ya uongo zikakaa sako kwa bako. Tulihamia kwenye namba ya kawaida na kuwaomba wazazi waihifadhi kwa jina la shule. Majibu yakaanza kumiminika, na huo ni mzigo mwingine ambao hakuna aliyeniambia nijiandae nao, kwa sababu mtu akiona namba huijibu, na akijibu hutarajia kuna anayesoma. Sanduku la majibu la huduma ni la msingi tu, lakini linaonyesha jina la mwanafunzi kando ya kila jibu, na hilo linatosha.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kihesabu herufi kilicho chini ya kisanduku cha kuandikia. Arafa ya kwanza ilitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ikiwa ni salamu ya Krismasi, na hadi leo ukubwa wa arafa moja ni uleule: baiti 140, yaani biti 1,120 (biti ndiyo kipimo kidogo kabisa cha data). Herufi za kawaida huchukua biti 7 kila moja, hivyo huingia 160. Ikijipenyeza hata alama moja isiyomo katika jedwali la herufi hizo, ujumbe mzima huandikwa upya kwa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka hadi herufi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hutoa nafasi kidogo kwa ajili ya maelekezo ya kuviunganisha, kikabaki na herufi 153, au 67 kwa ule mtindo mpana. Kwa kuwa malipo hufuata idadi ya vipande na si idadi ya jumbe, tangazo la herufi 150 linalomalizika kwa emoji ya tabasamu huhesabiwa vipande vitatu, na ukilizidisha kwa familia zote za shule utaelewa kwa nini mhasibu wetu hataki kuziona emoji.

Emoji, walakini, huonekana kwa macho. Kwa sisi tunaoandika Kiswahili, adui amejificha katika ng'. Ritifaa, ile alama ndogo ifuatayo ng, ikiwa imenyooka kama inavyotoka moja kwa moja kwenye kibodi, imo katika jedwali la herufi za kawaida. Ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe pasipo kuombwa, haimo. Mwalimu wa mazingira aliniletea tangazo kuhusu wanafunzi wanaong'oa miche ya bustani, nalo lilikuwa na herufi 148, yaani kipande kimoja kilichotimia. Nilipolinakili kutoka kwenye programu ya kuandikia, kihesabu kikaruka hadi vipande vitatu. Nilipunguza maneno, nikapunguza tena, nikaondoa hata salamu, na bado vikawa vipande viwili, hadi nilipogundua kwamba kosa lote lilikuwa ni alama moja ndogo iliyoinamisha kichwa katika neno moja. Baadaye nilikuta kwamba huduma ina kitufe cha kusafisha alama za namna hiyo, lakini kimezimwa tangu mwanzo na kimewekwa katika ukurasa wa mipangilio ambao mtu hana sababu ya kuutembelea. Kiwasheni siku ya kwanza. Na ikiwa mmezoea mabano ya mraba, fahamuni kwamba kila bano huhesabiwa kuwa herufi mbili.

Nirudi langoni. Watoto wengine watatu walikuja kwa sababu simu za nyumbani kwao zilikuwa zimezimwa. Arafa haisafiri moja kwa moja kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Hupokelewa na kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu, nacho hujaribu kuifikisha, na simu isipopatikana huihifadhi na kujaribu tena hadi muda wake wa uhalali uishe. Muda huo mtumaji anaweza kuupendekeza, ingawa kampuni ya simu ndiyo yenye kauli ya mwisho. Huduma yetu huweka muda mrefu kabisa kwa kila ujumbe, isipokuwa ukiubadilisha mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba mama mmoja aliiwasha simu yake asubuhi iliyofuata, bomba likiwa limekwisha kutengenezwa, akasoma kwamba leo hakuna masomo, akamwambia mwanawe arudi kulala. Mtoto huyo alikuja shuleni siku ya mapumziko na kukosa siku ya masomo, na sikuwa na la kumjibu mama yake. Tangu hapo neno "leo" nimelipiga marufuku katika arafa zetu. Tunaandika siku na tarehe, na ujumbe wa dharura naupa saa chache tu za uhai. Ningependa huduma iulize muda huo kila mara kwenye ukurasa wa kutuma, badala ya kuufungia kabatini.

Mtoto wa namna ya pekee alikuwa yule ambaye ripoti ilionyesha kwamba ujumbe kwa baba yake ulikuwa "umefikishwa" dakika ileile nilipoutuma, na kweli ulikuwa umefikishwa, ila baba alikuwa usingizini, na mtoto aliamka na kuondoka kama kawaida yake. Ripoti za huduma hii ni safi na hutofautisha vyema ujumbe uliotumwa, uliopokewa na kampuni ya simu na uliofika kwenye simu yenyewe. Hakuna ripoti ya arafa inayoweza kukuambia kwamba ujumbe umesomwa. Nalisema hili kwa sababu mwakilishi wao, katika maonyesho ya kwanza, aliyatumia maneno hayo mawili kana kwamba ni mamoja.

Wawili waliosalia ndio walionisumbua zaidi, na lawama yake ninaigawa. Wazazi wao walikuwa wamejiondoa. Walijiondoa kwa haki, kwa sababu katika wiki ya pili ya furaha yetu ya kuwa na chombo kipya tulituma jumbe sita, nne kati yazo zikihusu mauzo ya sare na michango ya mahafali, na mtu yeyote angechoka. Sheria za nchi nyingi humpa mpokeaji haki ya kukataa jumbe, nami naiunga mkono haki hiyo. Lakini huduma hii ina mlango mmoja tu wa kutokea: anayekataa matangazo ya sare hukataa pia taarifa ya kufungwa kwa shule, taarifa ya utoro wa mtoto wake na taarifa ya basi lililoharibika njiani, na shule haiwezi kumrudisha, ni lazima yeye mwenyewe atume neno la kujiunga tena. Moja ya zile huduma mbili tulizoziacha, ambayo kwa mengine ilikuwa duni, iliwagawa wapokeaji katika dharura, mahudhurio na matangazo, na mzazi aliweza kubaki katika kundi moja na kuaga mengine. Nilipowaandikia wenye huduma yetu walinijibu siku hiyohiyo, kwa adabu, kwamba ombi langu limeandikwa. Bado limeandikwa. Jambo jingine katika hilohilo ni kwamba mfumo unalifahamu neno moja tu la kujiondoa, STOP la Kiingereza, kwa hiyo mzazi anayeandika "Naomba mniondoe kwenye orodha yenu, asanteni" huendelea kupokea jumbe hadi mtu wa shule aone na kumwondoa kwa mkono. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu katika huduma hii, ningebadilisha mlango huu.

Upande wa wafanyakazi umetengenezwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Makundi madogo ya walimu wa zamu, madereva, wapishi na walinzi huundwa kwa dakika chache, mtu mmoja huweza kuwa katika makundi mengi, na mwalimu ambaye pia ni mzazi hapati ujumbe mmoja mara mbili, kwa sababu huduma hulinganisha namba kabla ya kutuma. Pamoja na hayo, kosa langu kubwa lilitokea huku. Niliwatumia wazazi wote tangazo la kikao cha walimu, lenye agizo kwamba kila mmoja aje na orodha ya wanafunzi wasioridhisha, na simu ya ofisi haikunyamaza hadi jioni. Arafa ikishatoka hairudishwi. Ukurasa wa kuthibitisha ulinionyesha jina la kundi kwa maandishi makubwa na idadi ya wapokeaji kwa maandishi madogo, nami nilikuwa nimeyazoea yote mawili kiasi kwamba sikuyasoma. Huduma ina utaratibu wa mtu wa pili kuidhinisha, lakini unapatikana katika kifurushi cha juu tu, na ukishawashwa huzihusu jumbe zote, hata za dharura, jambo ambalo saa 11 na nusu alfajiri lingenifanya nimsubiri makamu mkuu aamke. Tumejiwekea utaratibu wetu wenyewe: ujumbe wowote unaokwenda kwa zaidi ya watu 50 husomwa kwanza na mtu mwingine kwenye kompyuta ileile, isipokuwa wa dharura, ambao maneno yake tumeyaandaa na kuyahifadhi mapema yakiwa na nafasi ya kujaza tarehe.

Kuunganisha namba zinazofanana kuna upungufu wake pia. Ndugu watatu wanaosoma shuleni kwetu wana mama mmoja na simu moja, na taarifa ya utoro ilipomfikia mama huyo ilisema tu kwamba mtoto wake hakufika darasani, bila kusema ni yupi. Sasa kiolezo cha utoro hutaja jina la kwanza na darasa, na hapo tunasimama. Habari za ugonjwa, madeni ya ada, matokeo na nidhamu hatuziandiki katika arafa hata mzazi akiomba, kwa sababu arafa haifungwi kwa siri tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, huonekana kwenye kioo cha simu iliyofungwa, na simu za nyumbani nyingi zina wenyewe zaidi ya mmoja. Katika eneo hili huduma inastahili sifa kwa kuruhusu kila mlezi wa mtoto awekewe aina za taarifa anazopaswa kupata. Kwa wazazi waliotengana, ambao mmoja wao ndiye anayekaa na mtoto kwa amri ya mahakama, mpangilio huo umetuepusha na matatizo mazito.

Huduma ina pia taarifa za sauti na programu ya simu. Sauti hatujaihitaji, na programu ilipakuliwa na wachache mno kuweza kutegemewa.

Tumeongeza mkataba kwa mwaka mmoja, kwa kura yangu ya ndiyo iliyoambatana na barua ya kurasa mbili kuhusu mlango wa kujiondoa na orodha nyekundu. Mwezi uliopita umeme ulikatika na shule ikafungwa tena ghafla. Nilituma ujumbe saa 11 alfajiri, kipande kimoja, wenye siku na tarehe, kisha nikaenda mwenyewe langoni kuangalia. Walikuja watoto watatu. Wawili ni ndugu, na simu ya mama yao ilikuwa imezimwa. Wa tatu alisema ujumbe waliupata nyumbani na yeye mwenyewe aliusoma, ila alikuwa ameahidiana na wenzake kucheza mpira.